Kabla Hujamchukua Mbwa Yule

Bristol, 9 Novemba

Mwanangu mpendwa,

 

Picha ya mbwa unayetaka kumchukua nimeipata. Unauliza kama huyo kweli ni Old English Sheepdog, maana kwenye kituo cha kutunzia mbwa wamemnyoa akabaki kama kondoo aliyetoka kukatwa sufu. Ndiye. Mtazame mgongo: kiuno kimeinuka kupita mabega. Manyoya yatarudi, ila si leo wala kesho. Hesabu mwaka mzima na zaidi.

Na swali lako la pili, umchukue au umwache? Mchukue, ikiwa kila wiki utapata saa tatu za kukaa naye chini ukamchana. Kama huna, mwache apate mwingine, wala usione haya.

Watu wengi humjua mbwa huyu kwa matangazo ya rangi ya Dulux, yaliyoanza kumtumia miaka ya 1960. Kwenye tangazo ameshaoshwa na kuchanwa; aliyeshika chanuo haonekani. Nyumbani unapokea mnyama wa kilo 40, anayeingia na tope la bustani nzima miguuni, maji ya kunywa yakimchuruzika kidevuni. Ukimpitishia brashi juu juu atapendeza, kumbe chini, karibu na ngozi, manyoya yanasokotana mpaka yanakuwa bamba moja gumu linalovuta ngozi na kumwumiza. Ikifika hapo hakuna tena kuchana, ni mashine tu. Nahisi huyo wako ndivyo alivyonyolewa.

Kuchana kwenyewe ni hivi: mlaze ubavu, anzia kwenye unyayo, gawa manyoya kwa vidole mpaka uione ngozi, chana mstari huo, kisha panda kwenye mwingine. Malizia kwa chanuo la chuma. Likikwama, kuna fundo umeliacha. Usisahau nyuma ya masikio, kwapani, kati ya mapaja, na pale kola inaposugua. Kule kunyolewa ni bahati yako: mzoeze sasa, manyoya yakiwa mafupi na brashi haimuumi, ili yakirefuka awe ameshaliona kuwa jambo la kawaida.

Kuna na tabia. Hawa walikuzwa upande huu huu ninaoishi, kusini magharibi mwa Uingereza, ili waswage ng'ombe na kondoo kwenda mnadani, na wao huswaga kwa kusukuma na mwili. Basi usishangae watoto wa jirani wakikimbia sebuleni, naye akawabana pembeni mmoja mmoja. Si ubaya, ni kazi aliyozaliwa nayo, lakini mtoto wa miaka mitatu ataanguka vilevile. Waulize kituoni: amewahi kuishi na watoto? Akiachwa peke yake hubweka? Mwenyewe wa kwanza alimtoa kwa nini? Nao watakuhoji. Watataka kuona uzio wako, watauliza saa unazoshinda kazini, watadai kibali cha mwenye nyumba. Usikasirike; kituo kinachomtoa mbwa bila maswali ndicho cha kuogopa. Kuhusu chipu ya utambulisho, sheria ya Uingereza inataka kila mbwa awe nayo tangu 2016, kwa hiyo hakikisha jina lako limeingizwa mahali pa lile la zamani.

Akishafika kwako, mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema. Unaikumbuka ivamektini, ile dawa babu yako anayowachoma ng'ombe? Baadhi ya mbwa wa jamii hii wana kasoro ya kurithi inayoiacha dawa hiyo ipenye mpaka kwenye ubongo, na kipimo kikiwa kikubwa inaweza kuwaua. Upo uchunguzi wa vinasaba unaoonyesha kama anayo. Uombe, ili daktari ajue ni dawa zipi za kumwepusha nazo.

Wiki za mwanzo usimwalikie wageni. Mpe kona yake, chakula kwa saa zilezile, matembezi kwa njia ileile. Atalala sana, atakufuata mpaka chooni. Mwache akuzoee kwa mwendo wake.

Na bibi yako? Akisikia mbwa analala ndani atauliza kama huko hakuna banda. Kwake mbwa hufunguliwa usiku akalinda nyumba, alfajiri akarudi kufungiwa. Usibishane naye. Mwambie huyu ni mbwa wa wachungaji, naye atakuuliza ng'ombe wako wako wapi.

Jumamosi ukienda kituoni, omba chanuo umguse nalo unyayo wa nyuma. Akiuvuta taratibu, hapo pana mahali pa kuanzia. Akikuonyesha meno, usimkatae papo hapo. Waulize wanaomtunza wao humshikaje. Kisha nipigie simu. Brashi usinunue, ninayo ya ziada.

Ni mimi,
Shangazi yako