Unaoa Transista au Unanioa Mimi?

Jamani, mapenzi na umeme ni ndugu: ukikosea kidogo tu, moshi!

Basi bwana, mimi nafundisha vijana ufundi umeme hapa Dar. Kila nikichora ubaoni jinsi umeme wa sola unavyobadilishwa, wananitazama kama naongea Kichina. Nikaamua kutengeneza gridi ndogo ya mezani. Boksi la kwanza linashusha volti 18 za paneli ili kuchaji betri ya volti 12. La pili linaugeuza umeme wa betri uende na kurudi, mizunguko 50 kwa sekunde kama ule wa TANESCO. Ila si volti 230! Nimeuacha kwenye 12, kijana akigusa kwa bahati mbaya tusije tukaweka msiba.

Ubongo wake ni Arduino, kibao kilichozaliwa Italia mwaka 2005. Waliokibuni waliacha michoro wazi, ndiyo maana nakala zake zinapatikana kwa bei ya kina sie.

Siku ya kwanza nawasha: paa! Transista nne kwaheri. Nikanunua nyingine: paa! Hapo nimeshamega hela ya mahari. Mchumba wangu, msusi, akanishika shati: "Hivi wewe, unaoa transista au unanioa mimi?"

Nikanywea. Nikamwonyesha mchoro. Akauliza: "Hii ya juu ikizima, ya chini inawaka saa hiyo hiyo?" Ndiyo. "Na kama ya juu haijamaliza kuzima?"

Nikashika kichwa! Kumbe transista haizimi papo hapo. Zikikutana zote zimewaka, betri inapigwa shoti. Nikarekebisha programu: ya juu ikizima, subiri sehemu mbili za milioni za sekunde, ndipo ya chini iwake. Balbu ikawaka, nami nikapumua.

Washkaji wakanishauri nifiche mchoro, niuze, nirudishe mahari. Nilitamani, nisidanganye. Lakini mimi mwenyewe nimebebwa na michoro ya wenzangu! Nimeugawa bure, pamoja na ukurasa wa makosa yangu yote. Tayari mwanafunzi mmoja kaurekebisha: fyuzi kaisogeza jirani na betri, pahali ilipotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Mahari? Naanza upya. Bibie kanipa miezi sita. Ikipita hiyo, anasema, shoti itakayotokea haina fyuzi.