Kutunga Wimbo kwa Betri ya Saa Mbili

Nikifika Mbesa jioni, kabla sijauliza maji ya kuoga yako wapi, nauliza soketi iko upande gani wa kitanda. Wenyeji wameshanizoea. Mimi ni fundi wa friji za chanjo na vifaa vingine vya zahanati, na kwa miaka mingi kazi imenipitisha njia ileile: Songea, Namtumbo, Tunduru mjini, halafu unaiacha barabara kuu kuelekea Mbesa, kwenye hospitali ya misheni ya Kanisa la Biblia. Mchana nafungua friji, usiku natunga nyimbo za kwaya ya parokia yetu Songea. Mkoba wangu una pande mbili, bisibisi huku na muziki kule. Bisibisi ni zilezile. Kule kwenye muziki ndiko kulikobadilika.

Zamani kulikaa kaunta buku, penseli, kifutio na redio kaseti. Nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwenye kaseti, narudisha mkanda, naimba ya pili juu yake nisikie kama zinapatana, ndipo naandika. Betri za National zikianza kuchoka, mkanda nao unachoka: wimbo ulioingia katika G unatoka katika F, tena kwa mwendo wa kusindikiza jeneza. Ndiyo maana filimbi ya kutafutia sauti haikunitoka mfukoni. Kaseti ilikuwa shahidi asiyeaminika.

Nilichoandika kilikuwa sol-fa. Mfumo huo ulianzia kwa mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover. John Curwen akausambaza katika karne ya 19, na wamisionari wakaja nao Afrika pamoja na vitabu vya nyimbo. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule wa Johannesburg, aliutunga mwaka 1897 wimbo uliotuzalia sisi Mungu Ibariki Afrika, naye aliuandika kwa sol-fa. Kwa msafiri mfumo huu ulikuwa hauna mpinzani. Unaandikika hata nyuma ya bahasha. Hauhitaji mistari mitano wala rula. Herufi ya noti, nukta mbili za kutenganisha mapigo, kistari cha kuvuta sauti, na mwanakwaya aliyeishia darasa la saba anakuimbia.

Huku kwetu kusini kutunga ni kazi yenye wazee wake. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Padre Stephen Mbunga, yule wa Misa Baba Yetu, alitoa mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia. Walimu walionifundisha kwaya walikuwa wakilitaja jina lake kila mtu alipopendekeza kupachika maneno ya Kiswahili kwenye tuni ya Kijerumani bila kuangalia mkazo unaangukia wapi. Nitalirudia jambo la mkazo, kwa sababu kompyuta imelifanya kuwa baya zaidi.

Kompyuta iliingia kwa mlango wa ofisi ya parokia. Mwanzoni tulichapa sol-fa kwa programu ya kuandikia barua: unatengeneza jedwali, kila pigo na kisanduku chake, maneno chini. Pale pale ulipoandikia ilipendeza. Ukilipeleka faili kwa flashi kwenye stationari ya mjini, fonti inabadilika, visanduku vinasukumana, noti ya besi inajikuta juu ya neno lisilo lake. Kuna Jumapili za namna hiyo ambazo sauti ya nne waliimba Amina mapema kuliko wenzao, na mapadre wakadhani ni mtindo mpya.

Kisha ikaja Finale, programu ya noti iliyokuwa sokoni tangu mwaka 1988. Ilizunguka kwa CD kutoka mkono hadi mkono. Nani aliinunua, hakuna aliyeuliza. Kwa mara ya kwanza tukaona nyimbo zetu wenyewe kwenye mistari mitano, zimechapwa kama za Ulaya, na lazima niseme kweli, sehemu kubwa ya furaha ilikuwa hiyo ya kuonekana. Waimbaji wengi hawakuweza kuisoma. Waliendelea kuja na sol-fa walizonakili kwa mkono, karatasi nzuri ya mwalimu wakaikunja mfukoni.

Nilipopata laptopu yangu mwenyewe, ya mtumba, RAM ya GB 4 na betri inayodumu saa mbili ikiwa na hali nzuri, ndipo swali la programu likawa langu. Vijana wa studio za Songea mjini walikuwa na jibu moja: FL Studio. Kwa biti za Bongo Flava sina ubishi nao. Ila toleo lake la majaribio lilikuwa na ujanja: linakuruhusu kuhifadhi kazi, ukifunga halikuruhusu kuifungua tena mpaka ulipie. Nimewaona vijana wakimaliza wimbo mzima usiku mmoja bila kuzima mashine, wanautoa kwa MP3 kabla hakujapambazuka, maana umeme ukikatika ndiyo kwaheri. Na umeme wa Songea ulikuwa wa majenereta ya dizeli mpaka mwaka 2018, laini kubwa kutoka Makambako ilipotuunganisha na gridi ya taifa. Utungaji wa namna hiyo ulihitaji moyo.

Cubase niliiona kwa prodyuza mmoja. Sauti yake ni safi mno, lakini wakati huo ilidai kijiti cha leseni kichomekwe kwenye tundu la USB muda wote. Kijiti chenyewe hakizidi kidole. Mtu anayelala Namtumbo leo na Mbesa kesho, mkoba wake umejaa skrubu na fyuzi, asipewe kitu kidogo namna ile ambacho kikipotea programu nzima inakufa. Utaratibu wa kijiti walianza kuuacha mwaka 2022 wakahamia leseni ya mtandaoni, nafuu kwa mwenye mtandao. Sibelius nayo iligeukia malipo ya kila mwaka. Sikuwa na kadi ya benki ya kulipia nje, na hata ningekuwa nayo, sipendi kifaa cha kazi kinachonikumbusha kodi.

Iliyobaki ni MuseScore, aliyoianzisha Mjerumani Werner Schweer mwaka 2002, ya bure kwa haki na si kwa kuiba. Unaipakua mara moja, haikuulizi tena uko wapi wala wewe ni nani. Wenzangu waliisema kwamba sauti zake ni za kitoto. Ni kweli. Lakini mimi sikuwa natafuta sauti. Nilitaka karatasi itakayosomeka Jumamosi jioni mazoezini, na mashine isiyolala katikati ya ubeti wa tatu.

Kuna jambo ambalo wauza programu hawaliandiki: kibodi. Kwenye MuseScore unabonyeza N kuingia kwenye kuandika noti, 5 kupata noti ya pigo moja, 4 kwa nusu pigo, halafu herufi A hadi G. Kipanya hakihitajiki. Nilipoizoea kibodi nikaanza kuandika ndani ya basi, laptopu mapajani, kiwambo nimekipunguza mwanga mpaka abiria wa jirani anadhani imezimwa. Hapo zamani jambo hilo lisingewezekana. Kipande cha Namtumbo hadi Tunduru wakati wa masika kilikuwa ni kuteremka, kusukuma, kulala porini. Lami ilipokamilika, vidole vikatulia. Ukiniuliza ni nini kilichobadilisha utunzi wangu zaidi, programu au barabara, sitakujibu haraka.

Herufi zilinisumbua mwanzoni, kwa sababu kichwa changu kinafikiri kwa do inayohama. Wimbo ukiwa katika G, do yangu ni G. Kidole kinataka kubonyeza D. Nikapata njia ya kuishi na pande zote mbili: mstari wa kwanza wa maneno naweka maneno, mstari wa pili wa maneno, pale ambapo mtu wa kawaida angeweka ubeti wa pili, naandika sol-fa, herufi chini ya kila noti. Programu inadhani ni ushairi. Waimbaji wanasoma wanachokijua, mpiga kinanda anasoma chake, na karatasi ni moja. Sijaona programu ya bei ghali iliyonipa suluhisho bora kuliko huo udanganyifu mdogo.

Sasa jambo la mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na kinahesabu hata ile “m” ya “mtu” kuwa silabi kamili inayodai noti yake. Ukiandika kwa kuimba, mdomo unakupinga wenyewe ukikosea. Ukiandika kwa kibodi, hakuna wa kukupinga: kwaya ya ndani ya mashine inaimba “aa” mwanzo hadi mwisho, haina silabi, haina pumzi, haichoki. Tangu kompyuta zienee nimepokea nyimbo nyingi zenye vishazi virefu ambavyo hakuna mwana wa binadamu atakayevimaliza bila kuiba hewa, na “mtu” imebanwa kwenye noti moja. Kwenye kompyuta ya mtunzi ziliimbika zote. Mimi bado naimba kila sauti kwa mdomo kabla ya kuchapa, chumbani, kwa sauti ya chini, na kama jirani wa ukuta wa pili anakohoa najua besi imezidi.

Programu yenyewe ina msaada mmoja mdogo ninaouheshimu. Noti ikitoka nje ya uwezo wa mwimbaji wa kawaida inageuka rangi ya manjano iliyokolea, ikizidi hapo inakuwa nyekundu. Kwaya ya parokia ni waimbaji wa kawaida. Rangi hizo si mapambo.

Ngoma ni habari nyingine. Mganda na lizombe haviandikiki kwenye mistari mitano bila kuvikata miguu. Kila programu ya biti ina kitufe cha kusawazisha mapigo, na ukikibonyeza, yale mapigo yanayochelewa kidogo kwa makusudi yanavutwa kwenye gridi, wimbo unakuwa kama saa ya ukutani. Kwa hiyo ngoma siandiki. Narekodi kwa simu, kisha naziingiza kwenye Reaper, ambayo faili lake la kusakinisha ni dogo kiasi cha kupakuliwa kwa bando la kawaida pale Tunduru mjini. Aliyeitengeneza ni Justin Frankel, yuleyule wa Winamp iliyotupigia muziki kwenye kompyuta za kila ofisi. Leseni yake ni dola 60, na siku 60 za majaribio zikiisha haikufungii mlango. Inakukumbusha tu kwa adabu kila unapoifungua. Mtu wa adabu hiyo nilimlipa, nikipitia kwa ndugu aliyeko nje mwenye kadi.

Halafu, tarehe 26 Agosti 2024, kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba Finale inakoma baada ya miaka 35. Kwa wengi duniani ilikuwa habari ya biashara. Kwa walimu wa kwaya wa Tanzania ilikuwa habari ya kabati: nyimbo za miaka mingi zimelala ndani ya mafaili ambayo siku moja hayatafunguka. Kwa bahati upo mfumo wa kati uitwao MusicXML, ambao Michael Good aliubuni ili programu ziweze kusomana. Sasa jioni zangu Mbesa, friji ikishatulia kwenye nyuzi joto zake, nafungua faili moja moja la zamani na kulihamisha. Linafika likiwa na makovu. Maneno yanapanda juu ya noti, vituo vya pumzi vinapotea. Unarekebisha, unahifadhi, unatoa na PDF, betri inafika asilimia 20, unalala.

Kijana mmoja wa kwaya ya Mbesa aliniona nikifanya hivyo akavuta kiti. “Shikamoo mwalimu. Na mimi natunga.” Ana laptopu mpya kuliko yangu na MuseScore 4, ile iliyotoka mwishoni mwa 2022 yenye sauti za kuvutia ambazo upakuaji wake unakula bando la mwezi. Mimi nimebaki na 3.6 kwa sababu mashine yangu haiwezi zaidi, na faili la 4 halifunguki kwenye 3. Tumekubaliana ananitumia MusicXML kwa WhatsApp, mimi namrudishia nikiwa nimeweka alama. Wimbo wake wa kwanza ni mzuri, kiitikio kinashika mara moja. Tenori kaiweka juu mno, mstari mzima kwangu umefika mwekundu. Nimemwandikia aishushe. Amejibu kwamba kompyuta inaiimba vizuri tu.