Mimi, mama na jiko la mkaa

Wadau, nyie mnaolala na feni Dar es Salaam mwezi huu wa Julai, hamjui yanayotupata huku Njombe. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda Makete alfajiri unakuta umande umeganda kwenye majani.

Hita kwetu hatuna. Tuna mablanketi mazito, soksi na jiko la mkaa. Kwenye jiko ndipo mimi na mama hatuelewani. Akishapika ugali analiingiza chumbani, anafunga mlango, kisha anaziba uwazi wa chini kwa kitenge, joto lisitoke.

"We mtoto, chuo kikuu ndiko walikokufundisha kuogopa mkaa? Ukishakolea hauna moshi."

Kweli, moshi hauna. Una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, unasinzia, basi. Aliyekwisha lala hata hicho kichwa hakisikii. Habari za namna hiyo nimeshaziandika gazetini: aya nne, ukurasa wa ndani.

Nimemchemshia maji, nikajaza chupa, nikaifunga kwa kanga na kuiweka miguuni. Blanketi moja nimelitandika chini, maana baridi inapanda na kwenye godoro. Chupa kaipenda. Jiko sasa linatoka kabla hajalala, lakini kwanza anaota saa nzima, mlango kafunga. Jana niliacha dirisha wazi kidogo. Akalifunga. Nikalifungua tena.