Neno "Inaunganisha"

Oktoba 2020 nilikuwa fundi simu Majengo, hapa Songea. Tarehe 27, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, watu walianza kuniletea simu zisizo na ubovu wowote. "Fundi, WhatsApp haifunguki." Nazima, nawasha, natoa laini naifuta na kuirudisha, wapi. Mama mmoja muuza maharage alikuwa amejiunga kifurushi mara tatu asubuhi ile, kila mara akidhani kimeisha. Kumbe mitandao ya kijamii ilikuwa imebanwa nchi nzima. Twitter yenyewe ilibaki imefungwa kwa wiki kadhaa.

Uchungu wa fedha ya yule mama ndio ulionitia katika kazi hii. Leo mimi ni mmoja wa waandishi wa programu huria ya kupenya vizuizi vya intaneti. Tangu Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipowataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao, nimekuwa mwangalifu, ndiyo maana jina langu silitaji.

Simu inapofungua tovuti, jina la tovuti hiyo kwa kawaida husafiri wazi, hata kama yatakayofuata yamefichwa. Mtambo wa kuzuia hulisoma jina hilo kama karani wa stendi anavyosoma anwani juu ya mzigo, kisha mzigo hauendi. Sisi tunabadilisha kifungashio. Snowflake, kwa mfano, inayotumiwa na Tor, mtandao wa kuficha utambulisho, hufanya data ifanane na simu ya video na kuipitisha kwenye vivinjari vya watu waliojitolea, waliotawanyika duniani.

Mei 2025 X (zamani Twitter) ilipofungwa, programu yetu ilipenya. Nilifurahi mno, nikamwekea na yule mama.

Kisha ikaja 29 Oktoba, siku ya uchaguzi. Safari hii intaneti yote ilikatwa, kwa siku tano hivi. Barabara yenyewe ikiwa haipo, kifungashio hakisaidii kitu. Mimi nililijua hilo. Mama hakulijua, na programu niliyoiandika kwa mkono wangu haikumwambia.

Alikuja kibandani Novemba. Binti yake yuko Muscat, na huzungumza kwa WhatsApp tu. "Mwanangu, iliniandikia inaunganisha. Nikangoja. Usiku naamka, naitazama, inaunganisha." Angejua kwamba hakuna intaneti, angenunua vocha akapiga simu ya kawaida ya nje, ghali lakini dakika moja ingetosha kumwambia mtoto kwamba tuko hai. Siku zote hizo binti alikuwa analia.

Sikulala vizuri wiki ile. Tulikuwa tumehangaikia usiri na kasi, tukakazana programu isimalize MB za watu, na yote hayo ni ya lazima. Lakini neno moja kwenye kioo lilikuwa limemfungia mama mlango uliokuwa wazi.

Sasa programu hupima kwanza: inajaribu anwani za ndani ya nchi na za nje, kisha inasema kilichopo. "Tovuti hii imezuiwa, tunatafuta njia." Au: "Intaneti imekatwa. Piga simu ya kawaida. Jaribu tena baadaye." Kabla ya kuitoa nilimpelekea mama asome. Akasoma taratibu, kidole juu ya kioo, akafika mwisho.

"Hiyo baadaye iondoe," akasema. "Unaijua wewe ni lini?"

Nikaiondoa.