Kanda Isiyo na Utepe

Sauti ya binadamu, popote inapohifadhiwa, huwa mgeni, na kila mwenyeji humpokea mgeni kwa kadiri ya nyumba yake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, upande mmoja wa santuri uliweza kubeba dakika 3 hivi tu. Wimbo uliozoea kukesha barazani ukalazimika kujikunja.

Mkasa wa namna hiyo ulimfika dereva mmoja wa teksi mjini Unguja. Gari lake kuukuu lilikuwa na redio ya kanda, na katika mojawapo ya kanda zake ilikuwamo sauti ya marehemu mkewe akighani utenzi alioutunga mwenyewe. Ilirekodiwa jikoni, siku moja ya masika. Mashine ilipoanza kuutafuna utepe, mwanawe aliichukua kanda hiyo hadi Muscat, alikokuwa akifanya kazi, akaihamishia kwenye kompyuta.

Mwaka 2008 kijana alirudi likizo, na iPod mfukoni. Kuiunganisha na redio ya gari hakukuwa kwepesi, kwani redio ile haikuwa na tundu la kuchomekea waya. Kwanza alijaribu kirusha mawimbi kinachochomekwa penye kiberiti cha sigara cha gari. Chombo hicho huituma sauti kwa masafa ya FM, redio ikaipokea kama kituo kingine. Lakini mjini vituo ni vingi, na utenzi ukavamiwa na matangazo ya biashara.

"Zima, mwanangu," baba akasema. "Mama yako hakuzoea kugombea nafasi ya kusema."

Siku ya pili kijana alileta kanda bandia. Ina umbo la kanda kamili, lakini ndani hamna utepe. Mna magurudumu ya meno ya kuihadaa mashine, na kichwa kidogo cha sumaku. Sauti hupita wayani kutoka kwenye iPod ikiwa umeme, hugeuzwa kuwa nguvu za sumaku, na redio huzisoma kana kwamba utepe unapita mbele yake. Kijana alipandisha sauti ya iPod kiasi cha theluthi mbili, maana ikizidi hupasuka, na ikipungua humezwa na mvumo. Wakashika njia ya Makunduchi.

Sauti ikaja, safi, kila kina mahali pake. Walipita Tunguu pasi na mmoja wao kutamka neno. Kisha baba akauliza:

"Na mvua iko wapi?"

Kijana alikuwa ameisafisha rikodi kwa programu ya kuondoa mvumo wa utepe. Lakini kwa programu ile, mvumo wa utepe na mvua iangukayo juu ya bati ni ndugu: zote mbili ni sauti za mfululizo, zisizopanda wala kushuka. Ilipoufuta mvumo, ikaifuta na mvua.

"Nilidhani ni uchafu, baba."

"Mvua ndiyo iliyomfanya apaze sauti. Bila ya hiyo, mama yako anasikika kama anagomba."

Kwa bahati njema, nakala ya awali ilikuwa bado imo katika kompyuta aliyokuja nayo. Usiku ule aliihamishia kwenye iPod, na asubuhi wakaisikiliza garini, mbele ya nyumba, injini ikiwa imezimwa. Mvua ilinyesha tangu ubeti wa mwanzo hadi wa mwisho.

Utengenezaji wa iPod ulikoma mwaka 2022, na magari mengi mapya hupokea muziki bila ya waya wala kanda. Utenzi ule utahamishwa tena, na tena. Ni wajibu wetu kuwahamisha wapenzi wetu waliotutangulia, lakini kabla ya kufuta chochote tukidhani ni uchafu, tumwulize kwanza aliyeishi nao.