Kidude cha Mzee

Kila tukikutana chamani lazima pawe na ubishi, na safari hii ulikuwa wa vitabu vya kielektroniki: usome kwenye simu, kwenye tableti, au kwenye kile kidude cha kijivu ambacho hata picha ya harusi hakionyeshi vizuri? Mimi niko upande wa kidude, ingawa kwa sasa sina.

Tofauti yenyewe ni hii. Kioo cha simu kina taa yake inayokupiga machoni. Kile kingine ni cha wino wa elektroniki: ndani mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, umeme unazivuta juu au chini, zikishakaa herufi inabaki pale hata umeme ukikatika. Ndiyo maana chaji inakaa wiki kadhaa. Unasoma kwa mwanga wa jua au wa taa ya mezani, kama gazeti tu. Kindle ya kwanza, ya mwaka 2007, iliuzwa dola 399 na haikuwa na taa kabisa. Ya kwanza yenye taa, Paperwhite, ilitoka 2012.

Kasoro zipo. Makala ya PDF yenye safu mbili kwenye kioo cha inchi 6 ni mateso, unasogeza huku na kule mpaka unasahau sentensi ilianzaje. Grafu za rangi kwenye changu, usiseme! Hizo nilisomea kwenye laptopu. Lakini riwaya usiku, baada ya kutwa nzima ya laptopu na kichwa kinagonga, hapo sibadilishi.

Likizo ya 2023 nilikwenda nacho Tanga. Mzee wangu alikuwa mwalimu, na magazeti alikuwa ameacha. "Siku hizi hawaandiki la maana," anasema. Sote nyumbani tulijua ni macho, ila nani amwambie? Siku moja nikakuza herufi mpaka ukurasa ukabaki na maneno kama arobaini, nikampa pale barazani, jua la saa nne limewaka. Kwa jua lile kioo cha simu yake huoni kitu. Akasoma. Hakusema neno, chai ikapoa, mama akampitia mara mbili. Karibu na adhuhuri akauliza, "Mwanangu, hiki unaondoka nacho?"

Nikajibu hapana kabla sijafikiri.

Vitabu vya Kiswahili kwenye maduka ya mtandao ni vichache, na hilo linaniudhi kuliko bei. Basi nakusanya makala, namtumia kwa baruapepe, mdogo wangu anamwashia intaneti ya simu. Juzi mzee akapiga: "Wewe, kimeharibika, herufi zimekuwa sisimizi!" Tumeelekezana nusu saa nzima. Hapa Leeds saa kumi jioni giza lilishaingia, nami nikarudi kwenye simu yangu, mwanga nimeushusha mpaka mwisho.