Zebedayo Alikuwa na Vibarua

Ndugu yangu mdogo alituambia ameitwa Jumapili moja baada ya chakula, mama akiwa bado anapangusa meza. Mimi nilidhani ameitwa intavyuu.

"Turkana," akasema. "Kuhubiri. Miaka mitatu kwanza, halafu tuone."

Alikuwa na kazi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa kanisani wakisimulia habari zake huruka hapo. Alikuwa mhasibu hapa Nairobi, na karo iliyomfikisha huko ilitoka kwa ng'ombe wawili wa mama na mkopo wa chama ambao mimi ndiye niliyemalizia kuulipa. Mpango ulikuwa wazi hata kama hatukuwahi kuuandika: mimi nilipe kodi ya nyumba, yeye anunue dawa za mama za presha. Sasa Mungu alikuwa ameingia katikati ya bajeti.

Shirika lililomtuma halilipi mshahara. Kila mmoja hujitafutia wafadhili, mia tano kwa mwezi, elfu moja, chochote. Akafungua grupu ya WhatsApp, akatuingiza sote, hata shangazi ambaye hajui kusoma. Siku ya kumwekea mikono kanisani, mama alipiga vigelegele kuliko wote. Usiku nilimkuta jikoni, taa imezimwa. Nikajifanya nimekuja kunywa maji.

"Kwani ningemwambia Mungu nini?" akaniuliza, kana kwamba nimemshtaki.

Mimi pia ni Mkristo, nisieleweke vibaya. Najua Yakobo na Yohana waliitwa wakaacha nyavu. Lakini Marko anasema walimwacha baba yao chomboni pamoja na watu wa mshahara. Zebedayo angalau alikuwa na vibarua.

Sikuchanga hata shilingi.

Agosti, kazi ikanipeleka Mombasa. Akaniandikia kutoka Lodwar: nikipata nafasi, nimpigie picha kaburi la Krapf kule Nyali. Krapf ni shujaa wake, yule Mjerumani aliyefika Mombasa 1844, akaanza kutafsiri Biblia kwa Kiswahili na kukusanya maneno ya kamusi. Nikapanda tuktuk, nikilalamika njia nzima.

Kufika, kumbe Krapf hayuko pale. Yeye alifia kwao Ujerumani mwaka 1881. Aliyezikwa Nyali ni mkewe, Rosine, na binti yao mchanga. Homa ilimchukua Rosine Julai 1844, muda mfupi baada ya kujifungua, na siku hazikupita nyingi mtoto naye akafa. Mume mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Akapona, na miaka miwili baadaye akafungua misheni Rabai na mwenzake Rebmann.

Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimekuja na hasira za kumwaga juu ya Krapf, na sasa sikujua niziweke wapi. Nikapiga picha, nikamtumia, halafu nikampigia simu.

"Huyu mama aliitwa na nani?" nikamuuliza.

"Dada, si labda naye aliitwa? Alikuja akijua."

"Sawa. Na mtoto?"

Akanyamaza. Nilisikia upepo wa huko ukipiga kwenye simu, na mbuzi. Nikadhani laini imekatika.

"Mama ako na dawa?" akauliza. Tangu aondoke, miezi minane, alikuwa hajauliza hilo. Alikuwa akiuliza kama mama anaomba.

"Za wiki moja."

"Sawa."

Tukaagana vibaya, kila mtu akijifanya ana haraka. Nilikuwa kwenye tuktuk, tunakaribia daraja la Nyali, ujumbe wa M-Pesa ulipoingia: shilingi 700, kutoka kwake. Sijui zilikuwa za chakula chake au za wale wafadhili wa grupu. Kwake sai hizo ni pesa zile zile. Nilifikiria kuzirudisha. Hata niliandika namba yake, nikaifuta.

Niliporudi Nairobi nilipitia duka la dawa kabla ya kwenda nyumbani. Mama akaipima ile pakiti mkononi, akauliza kama nimelipwa mapema.

Nikasema eeh.